Sura ya Sita: Gari la Kwenda na Kurudi

Oktoba 2012 wakazi wa Los Angeles walitoa viti vyao nje, wakakaa kandokando ya barabara kama watu wanaosubiri arusi ipite. Kilichopita kilikuwa Endeavour, chombo cha anga, kizima na mbawa zake na mkia wake, kimepandishwa juu ya matoroli ya magurudumu mengi. Kilikwenda kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Safari yenyewe ilikuwa ya kilomita 19 tu, kutoka uwanja wa ndege hadi makumbusho ya sayansi, na ilichukua siku tatu. Miti kama 400 ilikuwa imekatwa ili mbawa zipate nafasi. Nyaya za umeme zilinyanyuliwa. Penye kona, waongozaji walisimama wakipima kwa macho bawa limebakiza kiasi gani kabla ya kukwaruza ukuta wa jengo. Kwenye daraja la juu ya barabara kuu, mitambo iliyokuwa ikikisukuma ilionekana mizito mno kwa daraja lile, kwa hiyo ikaletwa pikapu ya Toyota, ya dukani, ikafungwa mbele na kukivuta chombo mpaka ng'ambo.

Chombo hicho kilikuwa kimekwenda anga za juu mara 25. Kilikuwa kimekata karibu kilomita milioni 198, mwendo wake wa kawaida huko juu ukiwa kilomita 28,000 kwa saa. Kila kimoja cha aina yake kilisanifiwa kiende safari 100. Endeavour kilistaafishwa kikiwa kimetimiza robo tu ya hizo, na Discovery, kilichotumika kuliko vyote, kilikwenda mara 39. Mtu akinunua lori lenye uhai wa safari 100 kisha akalipeleka makumbusho baada ya safari 25, jirani zake watauliza kulikoni. Sura hii inajaribu kujibu swali la jirani.

Tuanze na jina. Kwa Kiingereza kiliitwa shato ya anga, neno linalotokana na kile kijiti cha mfumaji kinachopita baina ya nyuzi, kinakwenda na kurudi siku kutwa. Msomaji wa Arusha au Nairobi hahitaji kufafanuliwa: shato ni lile basi dogo linalopita Namanga asubuhi na kurudi mchana. Hilo ndilo hasa wakubwa wa NASA, shirika la anga la Marekani, walilotaka watu walifikirie. Basi. Linajaza, linaondoka, linashusha, linajaza tena.

Walikuwa na sababu. Roketi iliyowapeleka watu mwezini, Saturn V, ilisimama urefu wa mita 110, na kilichorudi nyumbani ni kidude chenye kipenyo kisichofika mita 4, kimeungua nje, kinaelea baharini. Vingine vyote vilizama, viliungua au viliachwa hukohuko. Hata hicho kilichorudi hakikuruka tena. Ni sawa na kwenda Mombasa kwa gari jipya na kulisukumia baharini ukishafika. Na ilijulikana kwamba si lazima iwe hivyo. Kati ya 1959 na 1968 ndege tatu za roketi zilizoitwa X-15 ziliruka mara 199 juu ya jangwa la Marekani, na mwaka 1963 rubani Joe Walker aliivusha moja yao kimo cha kilomita 100 mara mbili ndani ya wiki chache. Ndege ileile, rubani yuleyule. Haikuizunguka dunia, ilipanda na kushuka tu, lakini ilikuwa imethibitisha jambo.

Rais Nixon alitoa idhini tarehe 5 Januari 1972. Ahadi aliyouziwa ilikuwa tamu: safari kila wiki au kila wiki mbili, kila moja kwa dola milioni 10 na ushei za wakati ule. Mimi naamini hadithi yote ya baadaye, pamoja na vifo, imo katika ahadi hiyo na katika jinsi pesa zilivyokatwa ili ipite.

Mchoro wa awali ulikuwa na vyombo viwili vyenye mbawa, kimoja kimebebwa na kingine, vyote vina marubani na vyote vinarudi kutua. Serikali iliona gharama, ikakataa. NASA ikaenda kutafuta mshirika mwenye nguvu, ikampata: jeshi la anga. Jeshi lilikuwa na masharti. Lilitaka sehemu ya mizigo yenye urefu wa mita 18, itoshe satelaiti zake kubwa za ujasusi. Lilitaka pia chombo kiweze kuruka kutoka California, kipite juu ya ncha za dunia, na kirudi palepale baada ya mzunguko mmoja tu. Tatizo ni kwamba katika dakika hizo 90 dunia nayo imejizungusha, na uwanja kilikotoka umesogea mamia kwa mamia ya kilomita kuelekea mashariki. Ili kuufukuzia, chombo kinahitaji mbawa pana za pembetatu zinazoweza kuelea kwenda pembeni. Mbawa pana zina uso mkubwa unaokutana na moto wakati wa kushuka. Uso mkubwa unataka ngao kubwa. Basi sharti la wajasusi likageuka kuwa mbawa, mbawa zikageuka kuwa maelfu ya vigae. Safari yenyewe ya kupita nchani kutoka California haikufanyika hata mara moja. Mnara wa kurushia ulijengwa kule Vandenberg kwa mabilioni, ukaachwa.

Pesa zilizokatwa nazo ziliacha alama. Mahali pa ndege mama likawekwa tanki kubwa la rangi ya machungwa, la kutupwa kila safari, na pembeni yake roketi mbili za mafuta magumu, ambazo ni kama fashifashi: ukishaziwasha huzizimi. Chombo chenye watu kikafungwa ubavuni mwa tanki. Wanaanga wa Marekani wa kabla yao walikaa kileleni mwa roketi, mahali ambapo hakuna cha kuwaangukia na ambapo kifaa cha dharura kingeweza kuwang'oa na kuwapeleka mbali mambo yakiharibika. Hawa walikaa ubavuni, chini ya ncha ya tanki lililovikwa povu gumu, na kifaa cha kuwang'oa hakikuwepo. Naomba msomaji aliweke hilo akilini.

Vigae vinastahili kukaliwa kidogo, maana ni kazi ya ustadi ambayo sijui kama itarudiwa. Kigae kilitengenezwa kwa nyuzi za silika, yaani mchanga safi uliosokotwa, na sehemu 9 kati ya 10 za ujazo wake ni hewa. Kilikuwa chepesi kuliko boya. Waonyeshaji walipenda kukitoa kigae kwenye tanuri kikiwa bado kinang'aa wekundu kwa ndani, kisha wakakishika kwa vidole vitupu kwenye pembe zake, na hawakuungua, kwa sababu pembe zilikuwa zimeshapoa na joto la ndani halikuwa na njia ya kutoka upesi. Vigae hivi vilihimili nyuzi joto 1,260 upande wa nje, na upande wa ndani alumini ikabaki salama. Puani na kwenye kingo za mbele za mbawa, ambako joto lilizidi hapo, paliwekwa vipande vigumu vya kijivu vya kaboni.

Columbia, chombo cha kwanza cha aina hii kwenda anga za juu, kilivikwa vigae zaidi ya 30,000. Kila kimoja kilikuwa na umbo lake na namba yake, kwa kuwa tumbo la chombo lina mikunjo na hakuna mahali pawili panapofanana. Fundi alikibandika kwa gundi, kimoja kimoja, akasubiri, akakivuta kuona kama kimeshika. Mwaka 1979 Columbia ilipopandishwa mgongoni mwa ndege ya Boeing 747 na kusafirishwa kutoka California kwenda Florida, vigae vilibanduka njiani kwa upepo tu. Kazi ikaanza upya. Na kwa kuwa silika inanyonya maji kama sponji, baada ya kila safari vigae vilichomwa sindano ya dawa ya kuzuia maji, kimoja baada ya kingine. Hebu mfikirie dereva wa daladala ambaye kila akishusha abiria Kariakoo lazima alichome sindano kila bati la gari kabla ya kugeuza.

Hata hivyo kiliruka. Tarehe 12 Aprili 1981, miaka 20 kamili tangu Yuri Gagarin awe mtu wa kwanza kufika anga za juu, John Young na Robert Crippen walikaa ndani ya Columbia na kuwasha. Hakuna roketi ya Marekani iliyowahi kurushwa na watu ndani katika safari yake ya kwanza kabisa. Zote zilijaribiwa tupu kwanza. Huko juu walifungua milango ya mizigo, wakatazama nyuma na kuona mapengo meusi palipong'oka vigae. Vya tumboni hawakuweza kuviona. Siku mbili baadaye walishuka jangwani California, na kushuka kwenyewe ni jambo la kusimuliwa: chombo hakina injini ya kurukia wakati huo, mafuta yamekwisha, kinaelea kama tiara lenye uzito wa tani karibu 100. Kinainamisha pua mara 7 kuliko ndege ya abiria, kinagusa ardhi kwa kilomita 350 kwa saa, na rubani akikosea hana nafasi ya kuzunguka na kujaribu tena. Marubani walikiita tofali lenye mbawa.

Ikiwa kitu kiliharibika mapema wakati wa kupaa, palikuwa na viwanja vya dharura ng'ambo ya Atlantiki. Kimoja kilikuwa Yundum, nje ya Banjul, Gambia. Kwa miaka kadhaa, kila chombo kiliporushwa katika njia inayopita upande ule, Wagambia walikuwa na uwanja ulio tayari kupokea wageni kutoka anga za juu. Hawakuja kamwe.

Katika miaka mitano ya mwanzo ahadi ilionekana kama itatimia. Sally Ride alikwenda Juni 1983, mwanamke wa kwanza wa Marekani, na Agosti mwaka huohuo akaenda Guion Bluford, Mmarekani Mweusi wa kwanza. Juni 1985, siku za mwisho za Ramadhani, Discovery ilimchukua Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudia, Mwarabu wa kwanza na Mwislamu wa kwanza kufika huko, katika safari iliyopeleka satelaiti ya Arabsat. Mwaka huo zilikwenda safari 9. Hiyo ndiyo rekodi. Haikuvunjwa hadi mwisho. Chombo kilichogeuzwa upesi kuliko vyote, Atlantis, kilihitaji zaidi ya siku 50 baina ya kutua na kuruka tena.

Siku 50 hizo zilikwendaje? Injini kuu tatu zilifunguliwa na kukaguliwa. Vigae vilihesabiwa. Zile roketi mbili za pembeni zilianguka baharini kwa miavuli, na meli mbili, Liberty Star na Freedom Star, zilikwenda kuziokota na kuzikokota hadi bandarini, zimejaa chumvi. Zilioshwa, zikafumuliwa vipande vipande, vipande vikapakiwa kwenye treni na kuvuka nusu ya Marekani hadi Utah, kujazwa mafuta mapya, kisha kurudishwa. Ni kweli zilitumika tena. Kama ilikuwa nafuu kuliko kutengeneza nyingine, hilo wahasibu walibishana mpaka mradi ukafa. Mwishowe gharama zote, zikigawanywa kwa safari 135 zilizofanyika, zilifika kiasi cha dola bilioni moja na nusu kwa safari.

Shinikizo la ratiba ndilo lililokaa mezani usiku wa tarehe 27 Januari 1986. Wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, watengenezaji wa roketi za pembeni, walipiga simu kutoka Utah kuwaomba NASA wasirushe Challenger asubuhi yake. Florida kulikuwa na baridi ya kugandisha. Vipande vya roketi viliunganishwa kwa pete za mpira zinazotakiwa kutanuka haraka na kuziba, na mpira ukipoa unakuwa mvivu. Roger Boisjoly na wenzake walikuwa wameziona pete zilizorudi zimeungua katika safari za nyuma, na iliyoharibika vibaya ilikuwa ya siku ya baridi kuliko zote, nyuzi 12. Wakasema: chini ya 12, hapana. Wakaulizwa wathibitishe kwamba itaharibika. Hapo ndipo mambo yalipogeuka kichwa chini miguu juu, kwa sababu desturi ya kazi hiyo ni kuthibitisha kwamba kitu ni salama, na kama huna uthibitisho husafiri. Mameneja wa kampuni wakaomba faragha, wakarudi kwenye simu na jibu jingine.

Challenger iliruka saa 5:38 asubuhi, joto likiwa kama nyuzi 2, barafu ikining'inia kwenye mnara. Ilidumu sekunde 73. Ndani walikuwamo watu saba, mmoja wao Christa McAuliffe, mwalimu aliyeteuliwa miongoni mwa waombaji zaidi ya 11,000, na kwa ajili yake wanafunzi nchi nzima walikuwa wameketi mbele ya televisheni.

Wiki mbili baadaye, mbele ya tume ya uchunguzi, mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha mpira ule, akakibana kwa kibano kidogo, akakitumbukiza ndani ya glasi ya maji ya barafu aliyokuwa nayo mezani. Alipokitoa na kukiachia, hakikurudi umbo lake. Hakuhitaji maabara. Lakini mimi huona jambo zito zaidi alilogundua ni lile la namba: aliwauliza mameneja uwezekano wa kupoteza chombo, wakamwambia 1 kwa 100,000, akawauliza wahandisi wanaoshika spana, wakamwambia kama 1 kwa 100. Katika safari 135 vilipotea vyombo viwili. Wenye spana ndio waliokaribia ukweli, na hata wao walikuwa na matumaini kupita kiasi.

Wahenga wetu walisema mazoea yana taabu. Mwanasosholojia Diane Vaughan aliandika kitabu kizima juu ya Challenger kufikia hapohapo: watu hawakuwa wahalifu, walizoea. Pete iliungua kidogo, chombo kikarudi, basi kuungua kidogo kukawa kawaida. Kitabu chake kilitoka 1996. Wakati huohuo kasoro nyingine ilikuwa inazoeleka. Povu la tanki, linalofanana na lile lililo ndani ya kuta za jokofu, lilikuwa likibanduka wakati wa kupaa na kukigonga chombo. Desemba 1988 Atlantis, iliyogongwa na vifusi vya kofia ya roketi ya pembeni, ilirudi na vigae zaidi ya 700 vimeharibika. Ikatua salama, na kutua salama kukahesabiwa ushahidi. Kugongwa kukawekwa katika daftari la matengenezo, pamoja na taa zilizoungua na skrubu zilizolegea.

Tarehe 16 Januari 2003, sekunde 82 baada ya Columbia kuruka, kipande cha povu chenye uzito usiofika kilo moja kilipasua ukingo wa bawa lake la kushoto. Kamera zilikiona. Wahandisi waliomba picha za satelaiti za jeshi ili walitazame bawa. Maombi yakafa ofisini. Kwa siku 16 wanaanga saba walifanya kazi zao, wamejulishwa kwamba kuna kitu kiligonga na kwamba hakuna la kuhofia. Asubuhi ya tarehe 1 Februari, wakati wa kushuka, hewa yenye moto iliingia kwenye tundu na kuyeyusha bawa kwa ndani, na robo saa kabla ya kutua chombo kikasambaratika. Vipande zaidi ya 80,000 viliokotwa katika mashamba na misitu ya Texas na Louisiana.

Wapo walioendelea kubisha kwamba povu haliwezi kupasua kaboni. Julai mwaka huo, San Antonio, wachunguzi waliweka ukingo halisi wa bawa mbele ya bunduki ya gesi na kuufyatulia povu. Likatoboka tundu la upana wa sentimita kama 40, ukumbini watu wakashusha pumzi kwa sauti moja.

Ukiniuliza ni siku gani mradi ulikufa, nitakutajia siku hiyo ya Julai. Tundu lile lilionyesha kwamba kosa halikuwa la fundi wala la meneja fulani peke yake. Lilikuwa katika mchoro wa 1972, katika kile chombo kilichofungwa ubavuni. Huwezi kukihamisha kileleni. Tarehe 14 Januari 2004 Rais Bush alitangaza kwamba vyombo vitatu vilivyobaki vitamalizia kujenga Kituo cha Anga cha Kimataifa, kisha vitastaafu. Naona uamuzi ulikuwa wa haki, na ulichelewa miaka 18.

Lakini haki hiyo isitufanye tusahau walichokifanya. Aprili 1990 Discovery iliipeleka darubini ya Hubble, na ilipogundulika kwamba kioo chake kimesuguliwa vibaya, Endeavour iliifuata Desemba 1993; wanaanga wakatoka nje mara tano na kuitengeneza kwa mikono, jambo ambalo hakuna chombo kingine cha wakati ule kingeweza. Kituo cha Anga kilijengwa kwa sehemu kubwa kutoka matumboni mwao. Na Februari 2000 Endeavour ilizunguka siku 11 ikinyoosha mlingoti wa mita 60 wenye rada, ikapima vimo vya asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia. Vipimo hivyo vilitolewa kwa ukamilifu wake kuanzia 2014, Afrika ikipewa kwanza. Mpima ardhi wa leo anayekadiria mafuriko ya Rufiji au njia ya bomba la maji Kilimanjaro, akifungua kompyuta yake na kuchukua ramani ya vimo isiyo na malipo, mara nyingi anatumia kazi ya siku zile 11.

Wasovieti nao walikuwa na chao, Buran, kilichofanana na cha Wamarekani kama pacha. Novemba 1988 kiliizunguka dunia mara mbili bila mtu ndani na kutua chenyewe penye upepo mkali wa ubavu. Hakikuruka tena. Nchi ilivunjika, pesa zikaisha, na mwaka 2002 paa la ghala kilimohifadhiwa kule Baikonur liliporomoka, likakivunja na kuua wafanyakazi wanane.

Safari ya mwisho ya Wamarekani, ya Atlantis, ilianza tarehe 8 Julai 2011 na watu wanne tu badala ya sita au saba. Sababu ni kwamba hakukuwa na chombo kingine cha kwenda kuwaokoa. Kama Atlantis ingeharibika, wangerudi mmoja mmoja kwa Soyuz za Warusi, na Soyuz ina viti vitatu. Walishuka Florida tarehe 21 Julai, saa 12 kasoro dakika 3 alfajiri, bado giza. Maelfu ya mafundi walioishi kwa kazi hiyo walipewa barua zao za kuachishwa, na miji ya karibu ikaingia msimu mrefu wa nyumba zenye vibao vya kuuzwa. Kwa miaka tisa Wamarekani walinunua viti kwa Warusi, bei ikipanda mpaka kupita dola milioni 80 kwa kiti.

Kabla ya kuondoka kituoni, wanaanga wale wanne waliacha bendera ndogo ya Marekani iliyokuwa imeruka na Young na Crippen mwaka 1981. Walipatana kwamba ataichukua yeyote atakayekuja tena kwa chombo kilichorushwa kutoka Marekani. Rubani wa safari ile ya mwisho alikuwa Doug Hurley. Mei 2020 chombo cha kampuni ya SpaceX, Crew Dragon, kilipaa na watu kwa mara ya kwanza, na aliyekishika usukani alikuwa Doug Hurley huyohuyo. Alirudi na bendera. Yeye na mwenzake Bob Behnken walikiita chombo hicho Endeavour. Mwaka uliofuata kilitumika tena, na kwenye kiti cha Behnken akaketi mkewe, Megan McArthur.

Dragon hakina mbawa. Kinakaa kileleni, kina injini zake za kujing'oa, na ngao yake ya joto imefunikwa chini wakati wa kupaa, hakuna povu la kuigonga. Kinaangukia baharini kwa miavuli, kama vidude vya zamani. Sehemu kubwa ya chini ya roketi yake hushuka yenyewe na kusimama juu ya jahazi la chuma, ikaoshwa, ikaruka tena. Ndoto ya Nixon imekuja kutimia kwa kuachana na karibu kila kitu kilichofanya shato iwe nzuri machoni.

Injini za zile shato hazikwenda makumbusho zote. Zilikuwa bora mno kuachwa, kwa hiyo zilihifadhiwa kwa ajili ya roketi mpya ya mwezini. Tarehe 16 Novemba 2022 roketi hiyo iliruka kwa mara ya kwanza ikiwa na injini nne, zote zimewahi kwenda anga za juu na kurudi, mbili kati yake zikiwa zile zilizoipaisha Atlantis katika safari ya mwisho. Ziliwaka dakika 8. Kisha zikaachiliwa pamoja na tanki lake, zikaangukia bahari ya Pasifiki, na safari hii hakuna meli iliyotumwa kuziokota.